Mteja Hapatikani kwa Sasa

Simu ya bibi ilikuwa imening'inia dirishani, ndani ya kikapu kidogo cha ukili kilichofungwa kwenye nondo. Ilipolia hakuitoa. Alijitanda leso, akaenda hadi dirishani, akabonyeza kwa kidole gumba, akaweka sauti ya nje, akaanza kuzungumza na mwanawe aliye Maskati huku mkono mmoja umeshika nondo. Kichochoro kizima cha Kibokoni, hapa Mombasa, kilipata habari za kitukuu aliyeanza kusimama dede. Muuza maji aliyekuwa akipita na mkokoteni aliitikia salamu zisizo zake.

Nilikuwa nimetumwa na mjukuu wake, rafiki yangu anayefanya kazi Nairobi, nimpelekee dawa za presha. Nikamuuliza mbona haitoi simu akaongea ameketi.

"Ukiitoa hapo yakata, mwanangu. Chumbani yafa kabisa. Na chaji nayo haifiki adhuhuri." Kisha akanitazama. "Kwani wewe kazi yako si hiyo hiyo ya mitandao?"

Ndiyo, bibi. Ndiyo hiyo hiyo.

Kazi yangu ni kuamua antena za minara, buusta kama watu wanavyoziita, zielekee upande gani, ziiname kiasi gani, zitoe nguvu ngapi, na simu ihamishwe lini kutoka seli moja, yaani eneo la antena moja, kwenda nyingine. Seli inayohudumia nyumba ya bibi naifahamu kwa nambari yake. Kwenye ripoti za kila wiki ni miongoni mwa zile tunazozipita haraka, kwa sababu haina tatizo.

Tangu siku ile kile kikapu hakijanitoka kichwani.

Ukuta

Anayeujua Mji wa Kale hahitaji kuelezwa kuta zake: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti, na unene ambao mtoto anaweza kukaa kwenye kizingiti cha dirisha akakunja miguu. Zilijengwa kuzuia jua, na mawimbi ya redio yanapata adhabu ile ile. Vichochoro vimebanana vikawekeana kivuli, hivyo antena iliyo juu ya jengo refu nje ya mtaa inaona mapaa. Chini kwa watembea kwa miguu haioni kitu.

Kabla sijaondoka nilifunga simu yangu ibaki kwenye 2G, maana bibi anatumia mulika mwizi, ile simu ndogo ya tochi, nikatembea nayo. Kichochoroni ilisoma desibeli hasi 79. Hapo hakuna mhandisi atakayelalamika. Kwenye ngazi ilishuka. Katika chumba cha ndani, kule anakolala, ilisoma hasi 106.

Tofauti ni desibeli 27. Kwa asiyefanya kazi na vipimo hivi, kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu iliyokwenda, na kila 10 ni sehemu tisa kati ya kumi. Kwa hiyo 27 ina maana kwamba chumbani kwa bibi inafika takriban sehemu moja ya mia tano ya kile kilichoko kichochoroni, hatua chache tu kutoka hapo. Kiwango cha GSM, yaani hiyo 2G, kinaitaka simu ya mkononi katika masafa ya megahezi 900 iweze kusikia hadi hasi 102. Simu nyingi za leo zinasikia chini kidogo ya hapo, lakini 106 ni mahali pa kubahatisha. Mara inashika, mara haishiki.

Kwenye programu tunayochorea ramani za mtandao, nyumba hiyo ni ya kijani, rangi ya mtandao mzuri.

Siilaumu sana programu. Mingi ya mifumo hii ina nasaba inayorudi kwa Yoshihisa Okumura, aliyepima mawimbi katika jiji la Tokyo na viunga vyake akachapisha matokeo mwaka 1968, na kwa Masaharu Hata, aliyeyageuza yale machoro kuwa kanuni mwaka 1980. Kanuni ya Hata imepimwa kwa umbali wa kilomita 1 hadi 20, antena ikiwa juu kati ya meta 30 na 200. Inakuambia hali ya wastani barabarani. Haikuahidi kamwe kuingia ndani ya nyumba ya matumbawe. Ahadi hiyo tumeiongeza sisi, kwa kupaka rangi ya kijani juu ya paa na kuiacha hapo.

Kinachohesabiwa

Mwanzoni nilidhani swali ni la ukuta. Ukuta una dawa zake: masafa ya chini, antena ndogo karibu na watu, kifaa cha kurudia mawimbi. Kilichonikera ni kingine. Kwa nini sikujua? Tuna kaunta, yaani vihesabio vya matukio ya mtandao, zisizo na idadi, zinazojazwa usiku na mchana. Ilikuwaje nyumba nzima ipate shida kila siku isiache alama?

Jibu ni kwamba bibi amejifunza. Akitaka kupiga, anakwenda dirishani, na dirishani simu inakwenda vizuri. Kaunta inaandika: jaribio moja, mafanikio moja, haikukatika. Kikapu chake kimetusafishia takwimu. Zile simu ambazo angepiga akiwa kitandani usiku, mguu unamuuma, hakuzijaribu, na jaribio lisilofanyika halina mahali pa kuandikwa.

Asilimia ya simu zinazokatika hupatikana kwa kugawanya zilizokatika kwa zilizounganishwa. Asiyeunganishwa hayumo juu ya mstari wala chini yake.

Tabia hii ni ya tangu zamani. Mwaka 1917 Mdenmaki Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, alitoa kanuni ambayo mpaka leo tunaitumia kukadiria laini ngapi zinatosha watu wangapi. Ni kazi ya kupendeza kabisa. Lakini ndani yake kuna dhana moja: anayekuta laini zote zimejaa anaondoka, na hesabu inaendelea bila yeye. Kwa Erlang dhana hiyo ilirahisisha hisabati. Kwetu imekuwa mazoea ya macho.

Najua mtu wa fani atanijibu kwamba LTE, yaani 4G, imelitazama hili, kwamba simu za kisasa zinaweza kuhifadhi taarifa ya muunganisho uliokatika na kuiwasilisha zikirudi hewani. Kweli, na taarifa hizo zina faida kubwa. Mulika mwizi haina kitu hicho. Wenye vyumba vya ndani kabisa na simu za zamani kabisa mara nyingi ni watu wale wale.

Digrii mbili

Nikaanza kukumbuka kazi nyingine kwa jicho hilo, na feri ikanijia kwanza.

Kivuko cha Likoni ni mahali pagumu kwa mhandisi wa redio, ingawa mkondo wenyewe hauna upana wa kutisha, ni kama nusu kilomita. Juu ya maji hakuna jengo wala mti, mawimbi yanakwenda mbali kuliko yalivyokusudiwa, na uso wa bahari unayarudisha mengine. Abiria katikati ya mkondo anasikia seli za kisiwani na za Likoni zote kwa nguvu zinazokaribiana, na hakuna iliyo bora waziwazi. Simu yake inahamishwa huku, inarudishwa kule, na kila kuhamishwa ni nafasi ya kukatika.

Tunaizuia kwa subira. Simu inaambiwa: usihame mpaka jirani awe bora kwa desibeli 3, tuseme, na abaki hivyo kwa milisekunde 320. Ukiongeza subira, kurushwarushwa kunapungua, lakini anayeshuka feri akiingia nyuma ya majengo anaweza kubaki ameng'ang'ania seli iliyokwisha kumpotea. Ukipunguza, anayesimama tu kwenye sitaha anachezewa kama mpira. Kisha feri inapotia nanga, mamia ya simu zinavuka mpaka wa eneo, yaani kundi la seli ambamo mtandao huitafuta simu, kwa pamoja na kila moja inataka kujiandikisha upya, zote ndani ya dakika chache. Ukiuchora mpaka huo katikati ya maji umejitafutia balaa. Ukiusukuma mbali upande wa kusini eneo linakuwa kubwa, na kila simu inayoingia inabidi iitwe kwenye seli nyingi zaidi.

Haya yote ni ya kawaida na nayapenda. Ndiyo utamu wa kazi.

Shaka yangu iko kwenye kuinamisha antena.

Antena iliyo meta 30 juu ya ardhi, ikiinamishwa digrii 2, kiini cha mwale wake kinagusa chini kwenye meta 860 hivi. Ikiinamishwa digrii 4, ni meta 430. Digrii mbili tu, ambazo siku hizi mtu anazibadilisha akiwa ofisini bila kupanda mnara, zinatosha kuurudisha mwale kutoka ng'ambo hadi upande huu wa maji. Kila mhandisi wa pwani anafanya hivyo, na kwa sababu nzuri. Seli jirani za LTE kwa kawaida hutumia masafa yale yale, na nguvu ya ziada ya mmoja ni kelele kwa mwingine. Ni baraza la kahawa: mmoja akipaza sauti, wa pili anapaza zaidi, na mwishowe wote wanapiga kelele na hakuna anayesikika. Claude Shannon, mwanahisabati Mmarekani, alilipa jambo hili kanuni yake mwaka 1948. Linalobeba mazungumzo ni uwiano wa sauti na kelele, si ukubwa wa sauti peke yake.

Basi unainamisha. Kesho yake takwimu zimepanda. Simu zinazokatika zimepungua, kasi ya intaneti imeongezeka, na meneja anaituma picha ya grafu kwenye grupu na vidole gumba vinafuata.

Sehemu ya maendeleo hayo ni ya kweli, kelele imepungua. Sehemu nyingine imetokana na wale wa mbali, waliokuwa wakiishi kwa mwale uliovuja kuwafikia, kuondolewa kwenye hesabu ya seli hiyo. Walikuwa na mtandao dhaifu uliokatikakatika, wakawa wanaishusha asilimia. Sasa wengine wamepata seli nyingine na wengine hawana kitu, na grafu imefurahi kwa wote kwa namna moja. Ukiitazama hiyo grafu peke yake huwezi kuzitenganisha sehemu hizi mbili. Nimejaribu.

Chumvi

Niseme kidogo kuhusu kutu, kwa sababu Mombasa huwezi kuandika juu ya antena ukaiacha, na kwa sababu nayo ni hodari wa kujificha.

Kiungo cha waya wa antena kikiliwa na chumvi, au kikikazwa ovyo bila spana ya kipimo, ile kutu huchanganya masafa mawili yanayopita hapo na kuzaa mengine. Chukua mnara unaotuma kwenye megahezi 935 na 960. Mara mbili ya 935 ni 1870, toa 960, unabaki na 910. Na 910 iko ndani kabisa ya masafa ambayo mnara huo huo unatumia kuzisikiliza simu, 890 hadi 915. Mnara unajizibia masikio wenyewe. Hata mabati ya jirani yaliyooza mbele ya antena yanaweza kufanya kazi hiyo.

Ubaya wake ni kwamba kelele hii hupanda nguvu ikipanda, yaani saa za watu wengi. Fundi akipewa ruhusa ya kupanda saa nane za usiku, mnara umetulia na kila kitu kinasoma sawasawa. Anashuka, anaandika hakuna tatizo.

"Bibi huzima simu"

Jambo lililonigeuza halikutoka kwenye kaunta. Lilitoka kwa rafiki yangu wa Nairobi, siku nilipompigia kumwambia dawa zimefika.

"Afadhali wewe umemwona," akasema. "Mimi nikimpigia jioni simpati. Bibi ana tabia ya kuzima simu."

Nikamuuliza kwani anasikia nini akipiga. Anasikia yule dada tunayemjua sote: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.

Bibi hazimi simu. Jioni akienda kulala anaiingiza chumbani, kwa sababu kikapu kilicho dirishani usiku ni zawadi kwa mwizi. Simu iliyotulia huwa inajitambulisha kwa mtandao kila baada ya muda uliopangwa, na kwenye GSM muda huo hupangwa kwa vipande vya dakika 6. Zamu ikifika nayo isisikike, mtandao unaiweka kwenye kundi la zilizozimwa na hauhangaiki tena kuitafuta. Anayepiga anaambiwa mteja hapatikani. Tukio hilo huandikwa kwenye kitovu cha mtandao, na kwa kuwa simu haikufika kwenye seli yoyote, hakuna seli inayodaiwa. Halimo kwenye ripoti yangu. Limo kwenye ripoti ya watu wengine, na kule linasomwa kama tabia ya mteja, sawa na alivyolisoma mjukuu wake.

Kwa hiyo alama ipo. Imewekwa tu kwenye kabati la idara nyingine.

Nikapeleka ombi: tuchukue simu zote zilizoishia kwenye "hapatikani", tuangalie mteja alisikika mara ya mwisho kwenye seli gani, tuhesabu kwa eneo na kwa saa. Kama kuna mtaa ambao watu wake hupotea kila jioni na kuibuka kila asubuhi, huenda tumepata ukuta.

Ombi lilikaa kwanza kwa wanasheria, na nadhani ilikuwa haki. Nani alisikika wapi kwa mara ya mwisho ni habari nzito, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haichekeshi. Tulikubaliana ziwe jumla za eneo tu, bila nambari ya mtu, na eneo lenye watu wachache lifutwe kabisa. Hapo nilikuwa na shaka zangu pia, maana nia yangu njema haimpi mwingine nia njema akilikuta jedwali hilo mwakani.

Meneja aliuliza swali moja: malalamiko yako wapi? Mtaa ule haulalamiki.

Niliwahi kumuuliza bibi hilo hilo, kwa nini hapigi huduma kwa wateja. Akacheka mpaka akakohoa. "Nipige kwa simu gani?"

Pingamizi la betri

Upinzani wenye maana zaidi ulitoka kwa mwenzangu anayeshughulikia kitovu. Yeye si mtu wa maneno mengi. Alisema "hapatikani" ni jalala: humo mna simu zilizozimwa kwa makusudi, zilizoishiwa chaji, zilizoanguka majini, za wavuvi waliovuka kilomita 35 ambazo GSM ya kawaida haiwezi kupita kwa sababu ya mpangilio wake wa muda. Zikikusanywa pamoja, alisema, nitapata ramani ya mahali watu wanapolala na simu zisizo na chaji, kisha nitaiita ramani ya mtandao mbovu.

Ana hoja, na kwa siku kadhaa iliniziba mdomo.

Halafu nikakumbuka neno la bibi ambalo nililipita siku ile, kwamba chaji haifiki adhuhuri. Simu iliyo karibu na mnara huambiwa ipunguze nguvu. Iliyo mahali pabaya hupandisha hadi mwisho, wati 2 kwa simu ya GSM ya masafa ya 900, na ikipoteza mtandao kabisa huanza kuchakura masafa ikitafuta pa kushika, tena na tena, usiku kucha. Kwa hiyo chaji iliyoisha si lazima iwe sababu tofauti na mtandao mbovu. Inaweza kuwa ni mtandao mbovu wenyewe, umevaa nguo nyingine. Nilipomwambia hivyo mwenzangu alifikiri, akasema, "Inaweza. Kiasi gani?"

Sina jibu la kiasi gani, na ni swali zuri.

Nimenunua mulika mwizi mbili za aina moja, na laini mbili za mtandao mmoja. Jamaa yangu wa Kuze, mwenye nyumba ya mawe kama zilivyo zote pale, ameniruhusu niweke moja sebuleni karibu na mlango na nyingine chumba cha ndani, zikae hivyo hivyo bila kupigwa, mpaka zizime zenyewe. Mwenzangu amekubali kuandika saa, kwa masharti mawili: chaja iwe moja, na baada ya duru ya kwanza betri zibadilishane simu, kwa kuwa ananijua na hataki kuja kuambiwa kwamba ile ya ndani ilikuwa mbovu tangu dukani. Nami nimeongeza la tatu, kwamba tusizifungue kutazama katikati, maana kuwasha kioo tu ni chaji. Tunaanza Jumamosi, baada ya jamaa yangu kumaliza kupaka chokaa.